Akiba Haiozi

Mwaka 1997 baba alihamishiwa Kilosa, na ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza akienda kazini bila gwanda. Nilikuwa na miaka tisa. Alitoka chumbani asubuhi amevaa kaunda suti ya kijivu ambayo mama alikuwa ameipiga pasi mara mbili, akasimama mbele ya kioo kidogo cha sebuleni, na mkono wake wa kulia ukapanda wenyewe kichwani kurekebisha bereti ambayo haikuwepo. Mama alicheka. Baba hakucheka.

Hadi wakati huo tulikuwa tukiishi kambini, Morogoro. Kambini kila kitu kilikuwa na saa yake. Baragumu la alfajiri, gwaride, mesi, duka la jeshi, bendera kushushwa jioni huku sisi watoto tukisimama wima popote tulipo, hata kama una ndoo ya maji kichwani. Kilosa tulipanga vyumba viwili kwa bibi mmoja wa Kisagara aliyefuga bata, na bata hao ndio walioamua tuamke saa ngapi. Majirani walimwita baba "Afande" kwa wiki mbili za mwanzo. Baadaye, walipozoea kumwona akirudi kutoka sokoni na fungu la mchicha kwenye baiskeli, wakaanza kumwita kwa jina langu, baba wa fulani, kama walivyoitwa wanaume wengine wote pale mtaani.

Hakuwa amefukuzwa wala kustaafu. Alikuwa Sajini Taji wa JWTZ, mwenye namba yake ya jeshi na mshahara wake wa jeshi. Kazi tu ndiyo iliyohamia uraiani. Kila wilaya Tanzania ina Mshauri wa Mgambo, ambaye siku hizi tunamsikia zaidi kwa jina la Mshauri wa Jeshi la Akiba. Ni afisa wa jeshi anayefanya kazi bega kwa bega na ofisi ya Mkuu wa Wilaya, na jukumu lake ni kuwaandaa wakulima, wavuvi, mafundi baiskeli na vijana wasio na ajira wawe askari siku ya dharura. Chini yake kuna wakufunzi. Baba alikuwa mmoja wao.

Nilikuja kuelewa nikiwa mkubwa, nikisoma historia Mlimani, kwamba uhamisho ule uliotuondoa kambini ulikuwa na asili ndefu kuliko umri wa baba. Nilipoanza kuufuatilia nilidhani nitapata habari za jeshi. Nilichokutana nacho zaidi ni habari za wanaume walioambiwa wavue gwanda, lakini wasiende mbali.

*

Ukisikia neno mgambo leo, hasa kama umekulia Dar es Salaam au Mwanza, pengine kinachokujia ni mtu mwenye rungu akimkimbiza machinga, na mama lishe akiokoa sufuria zake. Sikulaumu. Lakini neno lenyewe lina asili ya heshima. Zamani mgambo ulikuwa wito: baragumu au pembe inayopigwa watu wakusanyike wasikie tangazo. Ndiyo maana wazee wanasema likilia la mgambo kuna jambo. Mgambo ulikuwa sauti kabla haujawa mtu.

Namna sauti hiyo ilivyogeuka mtu ni habari ya siasa, na inaanzia usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964. Askari wa Tanganyika Rifles, jeshi tulilolirithi kutoka kwa Waingereza, waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, mahali tunapopaita leo Lugalo. Walidai mishahara zaidi, na walitaka maafisa wa Kizungu waondolewe. Maasi yakafika Tabora na Nachingwea. Tarehe 25 Januari Serikali ililazimika kuwaomba Waingereza hao hao, miaka miwili tu baada ya uhuru, waje wazime moto. Makomando wakateremka kutoka meli ya kivita, na ndani ya muda mfupi askari walikuwa wamenyang'anywa silaha.

Nadhani aibu ile ndiyo iliyozaa karibu kila kitu kilichofuata. Jeshi la zamani likavunjwa. Tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi, na vijana wake wa kwanza walitafutwa ndani ya Umoja wa Vijana wa TANU na Jeshi la Kujenga Taifa. Tazama jina walilolichagua: la Wananchi. Mwaka uliofuata ikatungwa sheria ya majeshi ya akiba. Wazo lilikuwa wazi hata pale ambapo halikusemwa: jeshi linalokaa peke yake kambini, likila peke yake na kuongea peke yake, siku moja litadhani nchi ni mali yake. Dawa yake ni kumfanya askari awe raia kiasi fulani, na raia awe askari kiasi fulani.

Mwaka 1971 wazo hilo likaandikwa waziwazi. Novemba 1970 Wareno na mamluki walikuwa wameishambulia Conakry, mji mkuu wa Guinea, na tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin akampindua Milton Obote Uganda. Mwezi uliofuata TANU ikatoa Mwongozo, na mifano hiyo miwili imo ndani yake. Guinea ilisimama, ulisema, kwa sababu wananchi wake walikuwa na silaha na mafunzo. Uganda ilianguka kwa sababu jeshi lilikuwa mbali na watu. Basi nasi tuwafundishe watu. Viwandani, vijijini na mashuleni, mafunzo ya mgambo yakaanza, na jukumu la kuwafundisha likawekwa mabegani mwa jeshi. Hapo ndipo ilipozaliwa ile kazi ambayo baba alikuja kuirithi miaka 26 baadaye.

*

Lakini Kilosa ilikuwa imeshawahi kuona askari wasiojua pa kwenda. Ilikuwa kituo cha Wajerumani tangu karne ya 19, Reli ya Kati ikaipitia, na vita vilipokuja reli ikavuta majeshi. Agosti 1916 Waingereza wakaiteka, na askari weusi wa Kijerumani wakarudi nyuma kuelekea kusini pamoja na von Lettow-Vorbeck. Wengine walimfuata hadi mwisho, Novemba 1918. Wengine walianguka njiani, wengine waliitupa bunduki kichakani wakarudi kulima. Waliobaki hadi mwisho walikuwa wanadai mishahara, na aliyewaajiri hakuwepo tena.

Kuna kisa cha askari hawa ambacho husimuliwa sana. Mwaka 1964, mwaka ule ule wa maasi, bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa askari waliokuwa bado hai. Malipo yakafanyika Mwanza, wakaja wazee mia kadhaa. Wachache walikuwa na cheti. Wengine walikuja na vipande vya sare, na wengi hawakuwa na chochote. Inasemekana ofisa wa benki alipata wazo: kila mzee akaitwa mbele, akapewa ufagio, na akaamriwa kwa Kijerumani afanye kwata ya silaha. Husemwa kwamba hakuna hata mmoja aliyekosea.

Wanaosimulia kisa hiki husimulia kama jambo la kuchekesha au la kugusa moyo, na wengi huishia kusifu utii wa askari yule wa zamani. Mimi kimekuwa kikinikera. Nafikiria mzee wa miaka sabini aliyelima mihogo karibu nusu karne, ambaye ili aaminiwe kwamba aliwahi kuwa mtu fulani, ilibidi mwili wake utoe ushahidi, na chombo cha ushahidi kilikuwa ufagio.

Baada yao wakaja askari wa Keya, yaani King's African Rifles, waliopelekwa Abisinia, Madagascar na Burma katika Vita vya Pili. Waliporuhusiwa kurudi nyumbani mwaka 1945 na 1946 wakatafuta kazi zilizofanana na ile waliyoiacha. Wakawa matarishi wa boma, wanyapara, madereva, askari wa wanyamapori. Wachache walibaki jeshini, na mmoja wao, David Musuguri, aliyeingia Keya mwaka 1942, alikuja kuwa jenerali na Mkuu wa Majeshi. Wengi hawakuwa Musuguri. Wengi walisimama mlangoni mwa jengo la mtu mwingine, wamevaa koti la jeshi lililochakaa, wakiwauliza wageni wanamtaka nani.

*

Oktoba 1978 Amin alivamia Kagera, na akiba ikaitwa.

Baba alikuwa na miaka 21, ameingia jeshini miaka miwili kabla. Hasimulii vita kwa mpangilio. Anasimulia mvua. Anasimulia matope ya Kyaka baada ya daraja kuvunjwa, na ndizi, kwamba walikula ndizi hadi leo hataki kuiona ikipikwa. Mara moja tu alinieleza kuhusu mgambo. Jeshi lilikuwa na askari wasiozidi elfu hamsini vita vilipoanza, na ndani ya miezi michache idadi ilipita laki moja. Ziada hiyo ilitoka polisi, magereza, JKT na, kwa makumi ya maelfu, kwa mgambo.

"Walikuja na viatu vyao vya nyumbani," baba aliniambia. "Mwalimu wa shule, muuza samaki. Mimi nilikuwa namfundisha mtu mwenye umri wa baba yangu namna ya kulala chini. Ananiambia shikamoo kwa makosa kwa sababu nina bunduki, halafu anaona haya."

Masaka ikaangushwa Februari 1979, Kampala Aprili. Mgambo walikuwemo humo, siyo pembeni. Halafu vita vikaisha, na hapa ndipo vitabu vinapopita haraka mno. Gwaride, nyimbo, medali, kisha uchumi ulioharibika, mwisho wa sura. Majeshi yetu yalibaki Uganda kwa sehemu hadi 1981. Lakini yule mwalimu na yule muuza samaki? Baadhi walichukuliwa moja kwa moja jeshini. Wengine walipanda treni, wakashuka kwenye stesheni zao, wakaenda nyumbani kwa miguu.

Nilipokuwa naandika tasnifu yangu ya shahada ya kwanza nilimtafuta mmoja wao. Ni mzee wa Kimamba, kwenye yale mashamba ya mkonge mashariki mwa mji wa Kilosa. Alikuwa mkata mkonge kabla ya vita na akawa mkata mkonge baada ya vita. Nilimwamkia, akanitazama vizuri.

"Wewe ni wa yule mkufunzi?"

"Ndiyo, babu."

"Alinifundisha tena mwaka 98," akasema. "Nilikwenda kujiandikisha, akaniuliza, mzee, unataka nini huku? Nikamwambia nataka kukumbuka."

Nilimwuliza alilipwa nini baada ya vita. Akasema alipewa nauli na suruali. Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayetaja bei ya sukari ya zamani.

*

Mafunzo ya mgambo yalichukua miezi kadhaa, kwa kawaida asubuhi, ili watu wapate muda wa kwenda shamba. Niliyaona mengi kwa sababu uwanja ulikuwa njiani kwetu kwenda shule. Kwata kwanza, wiki baada ya wiki. Kisha usomaji wa ramani, ujanja wa porini, huduma ya kwanza, sheria kidogo, na mwishoni kabisa shabaha, kwa risasi chache zilizohesabiwa kama dhahabu. Muda mwingi bunduki zilikuwa za mbao. Fundi seremala mmoja wa pale mjini alizichonga, na baba alizipanga nyuma ya nyumba yetu chini ya turubai. Mimi na wadogo zangu tulizichezea kwa siri. Niliposoma kisa cha wale wazee wa Mwanza na ufagio, nilikumbuka uzito wa mti ule mkononi.

Kambini baba alikuwa mtu wa kuamuru. Kilosa alijifunza kuomba. Alimwomba mtendaji wa kijiji awatangazie vijana, akamwomba mwenye duka mchango wa unga wa uji, akamwomba shehe na padri waseme neno msikitini na kanisani. Kijana akikosa mafunzo siku tatu, hakuna mahabusu ya jeshi ya kumpeleka. Baba alipanda baiskeli akaenda kwao, akakaa kwenye kigoda, akasikiliza kwamba mama wa kijana anaumwa, akarudi. Mama yangu alisema Kilosa ndiko alikompata mume. Yule wa kambini, alisema, alikuwa wa Serikali.

Baba mwenyewe hakuliona hivyo. Wenzake walioanza naye walikuwa wakipanda vyeo huko vikosini, na aliyeko wilayani husahaulika kwa urahisi. Barua ya kupandishwa cheo ilichelewa, kisha ikapotea, kisha ikaja. Nilimsikia usiku mmoja akimwambia mama, "Wameniweka akiba." Mama akamjibu akiba haiozi. Baba akanyamaza kidogo. "Mahindi ya akiba yanaliwa na dumuzi," akasema.

Na walioandikishwa, walitaka nini? Wazee wa mwaka 1971 walifikiria Wareno. Vijana wa 1998 walifikiria ajira. Cheti cha mgambo kilikuwa, na bado ni, tiketi ya kupata kazi ya ulinzi: benki, ghala, kampuni ya ulinzi, shamba la miwa. Wengine waliutumia kujaribu bahati jeshini au polisi. Waliokosa hayo yote walibaki vijijini, na vijiji vilikuwa na kazi nyingine ya kuwapa.

*

Hapa sina budi kwenda polepole.

Kilosa ni wilaya ya wakulima na ya wafugaji, na sehemu kubwa ya ardhi yake nzuri ilikuwa imeshachukuliwa na mashamba ya mkonge na hifadhi kabla hao wawili hawajaanza kugombana. Ng'ombe wakiingia kwenye mpunga au mahindi, mkulima hulalamika kijijini. Kijiji hukamata ng'ombe. Mfugaji hulipa faini, halali au isiyo halali, ndipo wanaachiwa. Na kijijini anayetumwa kukamata ng'ombe ni nani? Ni kijana aliyefundishwa kutii amri na kutembea porini usiku. Ni sungusungu, au ni mgambo.

Tarehe 8 Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa na kundi la wapiganaji wa kifugaji, baada ya siku za mvutano uliohusu mifugo iliyokamatwa. Waliouawa walikuwa wakulima, wanawake na watoto wakiwemo. Nilikuwa na miaka 12. Nakumbuka maroli ya polisi, na kwamba shule zilikuwa zimefungwa hivyo tulikuwa nyumbani, na mama hakuturuhusu kutoka uani. Miaka minane tisa baadaye ilifuata operesheni ya kuwaondoa wafugaji wilayani, nao wakapoteza mifugo na makazi. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba katika mgogoro ule kuna upande mmoja uliolia peke yake.

Sijui kama kijana yeyote wa baba alihusika na ng'ombe wa wiki ile, wala sidai. Ninachojua ni kwamba katika miaka ile, vijijini, baadhi ya waliopita mikononi mwake walikuwa wakifanya kazi hiyo, na kwamba yeye alijua. Siku chache baada ya mauaji nilimkuta nyuma ya nyumba amefunua turubai. Alikuwa anazihesabu zile bunduki za mbao. Alizihesabu, akaanza tena, kama mtu aliyepoteza moja. Zilikuwa zimetimia.

Nilimwuliza nikiwa na miaka 25, tukiwa wawili tu. Nikasema, baba, ulikuwa unawafundisha kwa ajili ya nani?

Akasema, "Kwa ajili ya Amin."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Alieleza kwamba kichwani mwake adui alikuwa daima ng'ambo ya mto, anavuka daraja, anaonekana. Mafunzo yote yalipangwa kwa adui wa namna hiyo. Hakuna aliyemwambia mkufunzi nini cha kufundisha pale ambapo adui ni jirani, ana haki kiasi, na wewe una haki kiasi. Baada ya 2000 aliongeza saa za somo la sheria, kwa hiari yake. Vijana walisinzia.

*

Alistaafu mwaka 2007, Afisa Mteule Daraja la Pili. Akajenga Mikumi, kwa sababu kiwanja kilikuwa rahisi na kwa sababu shangazi alikuwa ameolewa huko. Mikumi imo ndani ya wilaya ile ile ya Kilosa, lakini ni nchi nyingine. Kilosa inaishi kwa reli na mto, Mikumi inaishi kwa barabara. Ukitoka Kilosa unapita kijiji kinachoitwa Ulaya, na nimeshawaambia marafiki zangu zaidi ya mara moja, bila kusema uongo, kwamba nimepita Ulaya. Ukifika Mikumi unakutana na malori ya Zambia, harufu ya nyama choma, na watu wanaolala mchana kwa sababu mabasi hupita usiku.

Mwishoni mwa Desemba 2009 mto Mkondoa ulifurika. Maji yaliingia mji wa Kilosa, yakang'oa reli, na maelfu ya watu wakahamia kwenye mahema. Baba alisikia redioni. Aliondoka Mikumi siku hiyo hiyo, akafika kwa kupanda hiki na kushuka kile, na kwa maelezo ya bibi yule wa bata, ambaye nyumba yake ilikuwa imejaa tope hadi dirishani, alisimama barabarani akapuliza filimbi. Ile ile ya uwanjani. Hakuwa na cheo, hakutumwa na mtu. Bibi anasema wakatokea: mlinzi wa ghala, dereva wa pikipiki, kijana mmoja aliyekuwa amelewa. Wakajipanga mistari mitatu kwenye maji, mmoja wao akiwa na soksi tu, na baba akawahesabu.

Walibeba wazee na magodoro kwa siku nne. Sijaona jina la baba wala la hao vijana katika taarifa yoyote, wala yeye hakutegemea.

*

Binamu yangu, mtoto wa shangazi, ni askari wa uhifadhi katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Hifadhi hiyo nayo ilianzishwa mwaka 1964. Mwaka ule haukuwa na mapumziko. Aliajiriwa mwaka 2013 kama mtumishi wa umma. Alikuwa na bunduki na doria za siku nyingi porini, lakini kwa karatasi alikuwa raia. Kisha, kuanzia mwaka 2018, TANAPA ikaingia katika kile kilichoitwa mabadiliko kutoka mfumo wa kiraia kwenda mfumo wa Jeshi Usu. Watumishi wakapelekwa mafunzo Mlele, mkoani Katavi, wahasibu na madereva wakiwemo. Mkurugenzi Mkuu akawa Kamishna wa Uhifadhi. Saluti zikaanza.

Neno usu limenishika tangu nilipoanza kulisikia. Jeshini lipo siku nyingi: Koplo Usu, Luteni Usu, mtu ambaye yumo ndani ya cheo lakini hajafika katikati yake. Jeshi Usu ni jeshi ambalo si lile lenyewe. Na mimi nilipowatazama hao wawili, baba na binamu, wameketi kibarazani Mikumi Desemba mwaka juzi, niliona watu waliopishana mlangoni. Mmoja alianza askari kamili akasogezwa, hatua kwa hatua, hadi uraiani. Mwingine alianza raia, na Serikali ikamsogeza upande wa pili. Walikutana hapo katikati, kwenye usu.

Binamu alikuwa anamweleza baba kuhusu barabara. Barabara kuu inapita ndani ya hifadhi kwa kilometa hamsini hivi, na magari yanagonga wanyama: swala, nyati, hata tembo. Alisema usiku uliotangulia walimkuta twiga. Aliongea kwa sauti fupi fupi ambayo hakuwa nayo zamani, na alimwita baba "Afande", siyo mjomba.

Baba alimsikiliza. Alimwuliza kuhusu viatu, kama wanapewa au wananunua. Akamwuliza kuhusu vijiji vinavyopakana na hifadhi, na hapo akauliza maswali mengi kuliko nilivyotarajia: mnakamata nini, mnapeleka wapi, nani anaandika, yule mliyemkamata mnakutana naye sokoni? Binamu akacheka, akasema ndiyo, Mikumi ni ndogo, wanakutana.

"Anakusalimu?"

"Mmoja ananisalimu."

Baba akatikisa kichwa taratibu. Lori likapita, likazima maneno, tukasubiri.

"Likizo wanakupa?"

"Siku ishirini na nane kwa mwaka, Afande. Ila nyingi zinalala. Simu ikilia unarudi."

"Zitumie," baba akasema. "Zote."